Bata mluzi uso-mweupe na bata mluzi hudhurungi: utajuaje uliyemwona ni yupi?

Duniani kuna aina 8 za bata wanaopiga miluzi, na kwa umbo wote ni ndugu wa wazi: shingo ndefu, miguu mirefu, kusimama wima kama walinzi, na sauti ya mbinja badala ya ule mlio mzito wa bata wa kufugwa. Kati ya hao 8 wamo wawili wanaowasumbua sana watazamaji wa ndege. Wanapenda maji ya aina moja, huchanganyika kundi moja, na dume na jike wao hawatofautiani kwa rangi, kwa hiyo hata jinsia haikusaidii kupunguza majibu. Mmoja ni bata mluzi uso-mweupe (Dendrocygna viduata). Mwingine ni bata mluzi hudhurungi (Dendrocygna bicolor).

Kabla hujatoa darubini, jiulize uko wapi. Wawili hawa wanakutana Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska na Amerika ya Kusini. Nje ya hapo kazi imekwisha kabla haijaanza. Ukiwa Bara Hindi, au kwenye majimbo ya kusini ya Marekani kama Texas, Louisiana na Florida, au Meksiko, mwenyeji wa kawaida kati ya hawa wawili ni hudhurungi peke yake. Uso-mweupe hajafika Asia, na kaskazini mwa Amerika ya Kusini eneo lake linaishia kwenye visiwa kama Trinidad na sehemu ndogo ya Amerika ya Kati. Jambo la kushangaza ni kwamba hata bahari ya Atlantiki haikuwabadilisha: uso-mweupe wa Senegal na wa Brazili ni sare ile ile, na hudhurungi wa Asia, Afrika na Amerika vivyo hivyo. Wataalamu wa leo hawawagawi katika nususpishi, yaani makundi madogo ndani ya spishi moja. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanatumika kokote utakakowakuta.

Vitabu vitakuambia mmoja ana uso mweupe na mwingine hana, basi. Kwenye karatasi ni kweli. Kwenye kinamasi, jua likikupiga machoni na bata wakiwa mita 200 kutoka ulipo, hiyo ndiyo alama ya kwanza kukuponyoka. Mimi naona swali bora ni hili: weupe wake uko mbele au uko nyuma? Uso-mweupe amebeba weupe wake mbele, usoni na kooni, na kuanzia hapo kwenda nyuma ni ndege wa rangi nzito mpaka ncha ya mkia. Hudhurungi hana weupe wowote kichwani. Weupe wake uko ubavuni, na mwingine uko juu kidogo ya mkia. Ukilazimika kuchagua sehemu moja tu ya kuangalia, angalia nyuma.

Kwa nini uso unadanganya

Uso wa uso-mweupe aliyekomaa na msafi hauna mpinzani. Nusu ya mbele ya kichwa ni nyeupe, nusu ya nyuma ni nyeusi, na mpaka kati ya rangi hizo umekatwa wazi. Chini ya weupe wa uso kuna doa jingine jeupe kooni. Kisha shingo ya chini na kidari ni rangi nyekundu ya udongo, tumbo ni jeusi, na mbavu zina mistari myembamba ya kukatiza, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa mbali huchanganyika ikawa kijivu. Ukimpata hivyo, karibu na kwenye mwanga mzuri, fungua ukurasa mwingine wa daftari.

Matatizo ni matatu. La kwanza ni matope. Bata huyu hula kwa kuchovya kichwa kwenye maji ya kina kifupi, na weupe wa uso mara nyingi huingia rangi ya kutu au ya tope mpaka ukawa kahawia hafifu. Anayemtafuta ndege mwenye uso mweupe kama karatasi atampita bila kumtambua.

La pili ni watoto, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Uso-mweupe mchanga aliyeanza kuruka hana huo uso. Kichwa chake ni cha kijivu au kahawia ya vumbi, kidari hakijakolea, na tumbo halijawa jeusi. Ukiwa umeshaambiwa kwamba bata mluzi wa kahawia asiye na uso mweupe ni hudhurungi, utamwandika hudhurungi, na utakuwa umemkosea ndege na orodha yako pia. Mgeuze (yaani msubiri ageuke) uone ubavu. Kama huoni manyoya marefu ya rangi ya krimu yaliyopangika juu ya ubavu, na sehemu ya juu ya mkia ni nyeusi moja kwa moja, huyo ni mtoto wa uso-mweupe. Pia si kawaida ya watoto hao kutembea peke yao. Wakubwa wao huwa hatua chache tu kutoka hapo, na nyuso zao zitakujibu.

La tatu ni usingizi. Mchana bata hawa hupumzika sana, na anayelala hukunja shingo akaficha kichwa kwenye manyoya ya mgongo. Kundi zima la ndege 60 linaweza kuwa mbele yako bila uso hata mmoja wa kuangalia. Kinachobaki ni ubavu na mkia.

Hudhurungi kwa karibu

Hudhurungi hukosewa kwa sababu watu wanamwona kama ndege asiye na alama. Si kweli, alama zake ni za kimya tu. Kichwa, shingo, kidari na tumbo vyote ni rangi moja ya kahawia yenye dhahabu kidogo, bila mpaka unaoonekana. Kutoka utosini kushuka kisogoni na nyuma ya shingo upo mstari wa rangi nzito. Pembeni mwa shingo, katikati yake, kuna mahali ambapo manyoya yamejipanga kwa mifereji midogo yenye mistari ya rangi hafifu. Hiyo haionekani mpaka uwe karibu au uwe na darubini nzuri, lakini ukishaiona huisahau. Mgongo ni kahawia nzito, na kila unyoya una ukingo wa rangi ya kutu, hivyo mgongo mzima unakuwa na mawimbi.

Kisha ubavu. Manyoya ya juu ya ubavu ni marefu, ya rangi ya krimu inayokaribia weupe, na kingo zake ni nzito. Yanalala juu ya bawa lililokunjwa na kufanya mstari mweupe uliokatika-katika kati ya mgongo na tumbo. Ndege akiwa anaelea, amesimama au amelala, mstari huo upo. Nawashauri wanaoanza wajifunze mstari huu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mchanga wa hudhurungi mstari huo huwa umefifia, ila rangi ya jumla ya mwili bado ni ile ile moja kuanzia kichwani mpaka tumboni.

Mdomo na miguu havikusaidii sana kuwatenganisha. Mdomo wa uso-mweupe ni mweusi na wa hudhurungi ni kijivu kizito; miguu ya wote wawili ni ya kijivu chenye samawati. Ukubwa nao ni msaada wa pembeni: uso-mweupe ana urefu wa sentimita 38 hadi 48, hudhurungi 48 hadi 53. Wakisimama bega kwa bega utaona hudhurungi amejaza zaidi. Akiwa peke yake, usijidanganye kwamba unaweza kukadiria.

Wakiruka

Angani wote wawili wana umbo lisilo la bata wa kawaida. Mabawa ni mapana na ya mviringo, yanapigwa polepole kwa bata, shingo imeinama kidogo chini ya usawa wa mgongo, na miguu inachungulia nyuma ya mkia. Mabawa yote ni meusi kwa chini. Ukiona kundi la namna hiyo likipita juu, umeshajua ni bata miluzi. Lililobaki ni kujua wepi.

Hapa hudhurungi anakuwa rahisi kuliko mwenzake. Juu ya mkia wake mweusi kuna utepe mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo, na anapoondoka kukupa mgongo utepe huo unawaka. Hakuna haja ya darubini. Uso-mweupe anayekupa mgongo ni mweusi tupu, mabawa, kiuno na mkia. Akikujia ndipo unapoona kichwa cheupe mbele ya mwili wa giza.

Kwa hiyo usiache kuangalia eti kwa sababu ndege wameshaogopa na kuruka. Watu wengi hushusha darubini wakati huo wakilalamika, na huo ndio wakati ambao hudhurungi anajitambulisha mwenyewe.

Sikio

Jifunze sauti zao, maana bata hawa hutembea sana usiku na jioni, na mara nyingi utawasikia usiwaone. Uso-mweupe hupiga mluzi safi wa sauti tatu, wa juu, unaoshuka mwishoni, na hurudia bila kuchoka. Kundi likishtuka, miluzi hiyo huingiliana mpaka bwawa zima linapiga kelele. Hudhurungi ana sauti mbili, ya pili ikivutwa, na sauti yenyewe ina mkwaruzo, haina ule ung'avu. Hesabu tu: tatu safi, au mbili zenye mkwaruzo. Kundi mchanganyiko linakuvuruga, lakini subiri ndege mmoja mmoja wanaochelewa kuruka nyuma ya wenzao, hao ndio wanaosikika vizuri.

Tabia

Tabia haitoshi kumtaja ndege, ila inakuelekeza. Uso-mweupe hupenda kusimama. Mchana utamkuta kwenye ukingo wa tope au ufuko wa mchanga, kundi limebanana, wote wameelekea upande mmoja, shingo juu. Wanandoa husafishana manyoya ya kichwa na shingo, mmoja akiinamisha kichwa na mwenzake akichokoa taratibu kwa mdomo. Ni jambo unaloliona mara kwa mara ukikaa nao kimya. Makundi yao nje ya msimu wa kuzaa yanaweza kufika maelfu.

Hudhurungi ni wa majini zaidi. Huelea katikati ya mimea, huingia kwenye matete, na hupiga mbizi kutafuta chakula. Ukiona bata miluzi waliosimama ukingoni peupe, dau langu ni uso-mweupe mpaka nithibitishe vinginevyo. Wakiwa wamejichimbia kwenye nyasi za maji, shingo tu ndizo zinaonekana, namfikiria hudhurungi kwanza. Wakiwa pamoja, na hilo hutokea sana, dau zote zinavunjwa.

Chakula hakiwatenganishi: mbegu za nyasi na magugu ya maji, mizizi laini, na wadudu na konokono kidogo. Kuzaa nako kunafanana. Wote wana wenzi wa kudumu, dume na jike hulalia mayai kwa zamu, na kwa kawaida mayai huwa kati ya 8 na 12 au karibu na hapo, yakilaliwa kwa takriban wiki nne. Kiota huwa chini kwenye majani marefu karibu na maji, ingawa shimo la mti nalo hutumika. Huko Bara Hindi hudhurungi hutumia mashimo ya miti. Jike wa hudhurungi ana mazoea ya kutaga kwenye kiota cha mwenzake, hivyo usishangae ukikuta kiota chenye mayai mengi kuliko ndege mmoja awezavyo kutaga. Vifaranga wadogo wenye manyoya ya pamba usihangaike nao. Angalia wazazi.

Mpunga na sumu

Shamba la mpunga ni mahali pa uhakika zaidi pa kumpata hudhurungi, na pia ndipo palipomponza. Maji ya kina kifupi, mbegu za magugu, mashina ya kujificha na kujenga kiota: kwake shamba lililofurika ni kinamasi kilichotengenezwa kwa mkono. Huko Texas na Louisiana alikaa kwenye mashamba hayo, na wakulima walimtazama kwa jicho baya kwa sababu hula pia mpunga uliopandwa kwa kumwagwa majini. Kisha, katika miaka ya 1960, mbegu za mpunga huko zilikuwa zikipakwa aldrini, sumu ya wadudu. Bata wakala mbegu, na hudhurungi wa pwani ile wakapungua vibaya. Matumizi mengi ya aldrini yalizuiwa nchini Marekani mwaka 1974, na baada ya hapo ndege walirudi.

Uso-mweupe naye huingia kwenye mpunga. Kwenye nyanda za Llanos za Venezuela na Kolombia wote wawili hukutwa kwenye mashamba hayo, pamoja na ndugu yao wa tatu mwenye tumbo jeusi. Lakini uso-mweupe haning'inii kwenye zao moja kwa kiasi hicho. Mto, ziwa, bwawa la kunyweshea mifugo, hata dimbwi la maji taka, kote anakaa. Nadhani hiyo ndiyo sababu moja ya yeye kuonekana kwa urahisi zaidi barani Afrika. Kwa sasa wote wawili wamewekwa kwenye kundi la ndege wasio hatarini kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ingawa wote hutegemea vinamasi, na vinamasi vinakaushwa.

Ndugu wengine wa kuangalia

Bara Hindi mtihani wa hudhurungi si uso-mweupe bali bata mluzi mdogo (Dendrocygna javanica). Huyo naye ni wa kahawia, ila ni mdogo zaidi na sehemu ya juu ya mkia wake ni nyekundu ya kutu, si nyeupe. Tena nyuma ndiko kunakoamua. Upande wa Amerika, mwenye tumbo jeusi (Dendrocygna autumnalis) ana mdomo mwekundu, miguu ya waridi na utepe mpana mweupe bawani akiruka. Ukimkosea huyo, safisha miwani.

Uchague yupi?

Kama unatafuta ndege wa kumwona kwa mara ya kwanza na muda wako ni mdogo, ukiwa Afrika mtafute uso-mweupe. Delta ya Okavango huko Botswana na Hifadhi ya Djoudj huko Senegal ni mahali panapojulikana kwa makundi yake, na huko huko unaweza kumpata hudhurungi ukichambua kundi ndege mmoja mmoja. Usiridhike na kutazama kundi kwa jumla. Hudhurungi wawili kati ya uso-mweupe 200 hupotea hivi hivi. Ukiwa Marekani au India, amua kumtafuta hudhurungi kwenye mpunga uliofurika, asubuhi na mapema au jua likizama.

Kwa mpiga picha, uso-mweupe ndiye rafiki. Husimama peupe, hutulia, na rangi zake tatu zinakaa vizuri kwenye picha hata mwanga ukiwa mkali. Angalizo moja: weka kipimo cha mwanga kwa ajili ya uso, la sivyo uso unaungua na kubaki doa jeupe lisilo na jicho. Hudhurungi anahitaji mwanga wa pembeni, wa chini, ili ile mifereji ya shingo na kingo za manyoya ya mgongo vijitokeze. Picha yake bora, kwa maoni yangu, ni ya nyuma akiondoka, utepe ukionekana na miguu imenyooka.

Na wapo wanaowaza kuwafuga. Anzia kwenye sheria ya nchi yako, kwa sababu hawa ni ndege wa porini na sehemu nyingi kibali kinahitajika. Ndege aliyetegwa kinamasini asinunuliwe kabisa, awe yupi kati yao. Kwa waliozaliwa kizuizini, mahitaji yao yanakaribiana. Ni ndege wa joto, na vidole vyao huumia kwa baridi ya barafu, kwa hiyo kwenye nchi zenye theluji wanahitaji banda la joto usiku. Wanaruka vizuri, hivyo uwanja lazima uwe na paa la wavu. Hawapendi kukaa mmoja mmoja. Mwenye uwanja mdogo wenye ukingo mpana wa kusimama atafurahia uso-mweupe zaidi, na mwenye bwawa lenye mimea mingi na kina cha kutosha cha kuzamia amchukue hudhurungi, ambaye bila maji ya kuogelea anakuwa nusu ya alivyo. Usiwachanganye wawili hao, wala na ndugu zao wengine, kwenye uwanja mmoja wakati wa kuzaa: bata wa jamii za karibu huweza kuzaliana, na ukishapata vifaranga mchanganyiko hakuna alama yoyote kati ya nilizotaja hapo juu itakayokusaidia kuwaandika kwenye daftari.